Mwanangu ana miaka 31, kazi ya pili imeota mbawa, kila nikimtia moyo ndo anazidi kujifungia chumbani

MamaWatatu aliandika:

Habarini wadau, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimeshaandika nikafuta mara mbili.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 31, ni mhasibu. Kampuni ya kwanza ilifungwa kabisa, akasota mwaka mzima ndo akapata ya pili, tukashukuru. Hajamaliza hata miaka miwili, mwezi wa pili mwaka huu wakapunguza watu na yeye akapitiwa na fagio, ati wa mwisho kuingia ndo wa kwanza kutoka. Sasa hivi ni mwezi wa saba yuko benchi. Kodi ilimshinda akarudi nyumbani, chumba kile kile alichokuwa nacho akiwa mwanafunzi.

Mimi kila asubuhi namtia moyo, namwambia subira yavuta heri, riziki mafungu saba, usikate tamaa mwanangu. Nikiona tangazo lolote la kazi namtumia WhatsApp muda huo huo. Wiki iliyopita nikamwambia mvumilivu hula mbivu, akaniangalia akasema "mama nimeshavumilia, hizo mbivu ziko wapi? naomba uache kunitumia vitu." Hakupiga kelele wala nini, alisema taratibu tu, na hiyo ndo iliyoniuma zaidi. Baba yake ndo usiseme kabisa, kila tukikaa mezani ni binamu yake fulani kapandishwa cheo, binamu yake fulani kanunua gari.

Ameitwa intavyuu kadhaa, mbili alifika hatua ya mwisho kabisa wakamwacha. Toka hapo analala alfajiri anaamka saa sita mchana. Si mlevi, hana matatizo na mtu. Nauliza mtu mzima anatiwa moyo vipi? Au ninyamaze tu?

---

Chuma_cha_Pua alijibu:

Mama utaniwia radhi ila unamdekeza. Miaka 31 analala mpaka saa sita na chakula anakikuta mezani? Mpe miezi miwili aondoke, akili itamkaa sawa. Sisi wengine hatukubembelezwa na mtu.

---

Niliwahi_Kuwa_Yeye alijibu:

Shikamoo mama. Mimi ndo nilikuwa huyo kijana wako, tofauti ni kwamba nilikuwa na miaka 34 na nilikaa miezi 11.

Nianze na hayo matangazo ya kazi maana najua unayatuma kwa upendo. Mtu anayetafuta kazi ameshayaona mama, yani tangazo likitoka saa 2 yeye saa 2 na dakika tano ameshalisoma na ameshajua kwamba wanataka uzoefu wa miaka kumi ambao hana. Asa wewe ukimtumia saa 4 inabidi aanze kukueleza kwa nini hajaomba, na kila maelezo anayotoa masikioni mwake mwenyewe yanasikika kama visingizio. Mimi ilifika mahali simu ikilia nikiona jina la mama tumbo linakata. Mama yangu mzazi! Bado mpaka leo naona aibu kulisema.

Na hizi methali (samahani mama) zinamaliza maongezi. Mtu akikwambia subira yavuta heri utajibu nini? Utasema "kweli" halafu unaenda chumbani. Siku moja tu mama alikosea, alikuja akakaa akasema "yani hawa watu wamekuonea, mimi nina hasira nao mpaka usingizi umepotea." Nikaongea saa nzima. Hakunipa ushauri hata mmoja siku hiyo.

Lingine nililisikia kwa bahati mbaya, alikuwa anaongea na shangazi kwenye simu akashusha sauti akasema "yupo, anatafutatafuta." Ile kushusha sauti. Nikajua kumbe mimi ni habari ya kunong'onwa.

Kilichoniinua ni kitu kidogo sana. Baba alikuwa anashughulikia makaratasi ya mafao yake ya kustaafu yakamshinda, akanigongea akaniambia "hebu njoo unisaidie wewe umesoma haya mambo." Sikujua kama alifanya makusudi au kweli yalimshinda, na sitaki kujua. Siku tatu nilikuwa nahitajika. Kazi yenyewe nilikuja kuipata kwa jamaa niliyesoma naye zamani ambaye hatukuwa hata marafiki, tulikutana msibani akauliza siku hizi uko wapi nikamjibu ukweli.

@Chuma_cha_Pua mimi ningepewa miezi miwili ningeondoka ndiyo, lakini sijui ningeelekea wapi, na sisemi hivyo kwa utani.

---

Mstaafu_wa_Masjala alijibu:

Dada yangu nimekaa idara ya rasilimali watu miaka 26, nimewaandikia watu barua za kupunguzwa na mimi mwenyewe nikaja kuandikiwa, kwa hiyo nitaongea upande wa kazi.

Kwanza makaratasi. Muulize siku akiwa ametulia, usimvizie: barua ya kusitishiwa kazi inasema sababu ni nini? Alilipwa badala ya notisi? Siku za likizo ambazo hakuchukua zimelipwa? Cheti cha utumishi (karatasi ya mwajiri inayoonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani) anacho? Vijana wengi wanakuwa na aibu wanasaini haraka haraka waondoke getini kabla wenzao hawajawaona, ndo wanaacha haki zao mezani. Kila nchi ina muda wake wa kulalamika na kwa miezi saba inawezekana baadhi ya milango imeshafungwa, ila cheti na mahesabu ya likizo aulizie tu, kuuliza hakuna gharama.

Pili. Mtu anayefika hatua ya mwisho mara mbili, CV yake haina tatizo na kazi anaijua, wasingempoteza muda. Hapo mimi ningeuliza kitu kimoja, akiulizwa "kwa nini uliondoka" uso wake unakuwaje? Nimekaa upande ule wa meza nakwambia hasira inaonekana hata mtu akitabasamu. Anaanza vizuri, dakika ya pili ameshaingia kwenye jinsi walivyomtendea, na mimi naandika "hapana". Jibu liwe sentensi mbili: kampuni ilipunguza watu, nafasi yangu ikafutwa, basi, anahamia kwenye anachokiweza. Na ni ukweli, kupunguzwa si kufukuzwa, aache kuongea kama aliyekamatwa na kosa.

Kuna utafiti nilikutana nao kwenye semina ukanikaa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake huko Marekani waliwachukua mainjinia walioachishwa kazi, wengine wakaambiwa waandike kila siku kwa siku chache yale yanayowaumiza kuhusu kupoteza kazi, wakiandika kwa siri bila kujali mwandiko. Hao walioandika walipata kazi mapema kuliko wenzao ambao hawakuandika hivyo, na wala si kwamba walipiga simu nyingi zaidi au waliomba sehemu nyingi zaidi. Waliotafsiri matokeo wanasema pengine hasira ilikuwa imeshabaki kwenye karatasi kabla hawajaingia chumba cha usaili. Usimpelekee daftari wewe lakini! Akipelekewa na mama itakuwa homuweki.

Na hilo la mwenzetu hapo juu kupata kazi kwa mtu wa kukutana naye msibani si bahati tu. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia, alieleza hivyo hivyo, wengi aliowahoji waliopata kazi kupitia watu walizisikia kwa watu wanaoonana nao mara moja moja, maana marafiki wa karibu habari zenu ni zile zile. Kwa hiyo akijifungia ndani hasara yake si ya kisaikolojia peke yake.

Halafu mwambieni kitu kimoja, "wakala" yeyote anayeomba hela ya fomu, ya vipimo au ya kuharakisha faili kabla hujaanza kazi ni tapeli. Mwezi wa saba bila kazi ndo mwezi wao, wanajua mtu ameshachoka.

---

MamaWatatu alijibu:

@Niliwahi_Kuwa_Yeye marahaba mwanangu. Nimesoma jibu lako nikaenda kukaa nje. Hiyo ya kushusha sauti kwenye simu... nimeifanya. Jana tu.

@Mstaafu_wa_Masjala kaka asante sana, cheti cha utumishi sikujua hata kama kipo. Swali langu, hili la kulala nalifanyaje? Na hela? Nampa za matumizi kidogo kidogo naziweka juu ya kabati, tukijifanya sote hatuoni.

---

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Mimi ni nesi, niongezee kwenye usingizi maana wengi wanadhani ni uvivu.

Kazi inakupa mshahara, sawa, lakini inakupa pia saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao, na jibu la "unafanya nini siku hizi". Vyote vinaondoka siku moja. Miaka ya 1930 mwanzoni kulikuwa na kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kiwanda kilichokuwa kinaajiri karibu kila mtu kilikufa, watafiti akiwemo Marie Jahoda wakaenda kukaa nao. Walikuta wanaume wana muda wa kumwaga lakini maktaba wameacha kuazima vitabu, barabarani wanatembea polepole wanasimamasimama. Wanawake walitembea haraka kidogo, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi inawasubiri. Nikimwona mtu amekaa mwaka bila kazi huwa nafikiria huo mwendo.

Kwa hiyo usimgongee mlango saa 12 asubuhi eti amka mwanaume halali hivyo. Apate kitu cha kuamkia ambacho mtu mwingine anakisubiri, hata mara mbili kwa wiki.

Ila mama angalia na hili. Kama ni wiki mbili au zaidi karibu kila siku yuko chini, hana hamu hata na vitu alivyokuwa anavipenda, hali au anakula kupita kiasi, anajiona hana thamani, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha, huo ni ugonjwa na unatibika. Na akitamka kitu kama "bora nisingekuwepo" au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

---

Dadake_Sele alijibu:

Kwenye hela, acheni hiyo ya juu ya kabati jamani. Kwetu tulifanya hivyo na mdogo wangu, akawa anachukua kama anaiba. Baadaye mama alimwita wakakubaliana kiasi fulani kila mwezi kwa miezi sita, halafu watakaa tena, na yeye akachukua kulipa bili na kufuatilia mafundi. Toka siku hiyo alianza kuinua uso. Kiasi kiwe unachokiweza kweli, usichote kwenye akiba yako ya uzeeni, maana akijua unajinyima ndo atazidi kuzama.

---

Chuma_cha_Pua alijibu:

Haya miezi sita, mimi nilisema miwili. Lakini si mnaona na nyie mmeweka tarehe?

---

Dadake_Sele alijibu:

@Chuma_cha_Pua tarehe ya kukaa kuongea, si ya kufukuzana 😂

---

MamaWatatu alijibu (siku 12 baadaye):

Wadau nimerudi.

Matangazo nimeacha, siku ya kwanza vidole viliniwasha kweli. Jumapili nikamwambia tu, mwanangu mimi naogopa, na nikiogopa naongea methali. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia anacheka.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha wanawake na hesabu za mwaka huu zilikuwa hazioani, kweli kabisa sikutunga. Nikampa. Alikaa nazo usiku (usingizi bado) akakuta kuna malipo niliyaandika mara mbili, kisha akaniuliza kwa ukali kabisa risiti za mwezi wa tano ziko wapi. Nimepelekeshwa kama karani wake wiki nzima. Alhamisi aliamka saa 2 kwa sababu nilimwambia katibu anazifuata saa 3.

Cheti cha utumishi ameandika barua kuomba, na kumbe siku za likizo 9 hawakumlipa, amewauliza, bado hawajajibu. Kazi hakuna jipya. Nimemuuliza lile swali la nesi, nilitetemeka, akasema hapana mama, nimechoka tu, lakini amekubali kuongea na mshauri.

Baba yake bado. Juzi mezani kaanza tena "unajua binamu yako..." nikamkanyaga mguu chini ya meza, akaishia hapo hapo akaomba chumvi.