Ukipigwa Dubai lawama za nani, za mji au za mgeni mwenyewe? (povu ruksa)

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Naleta huu mjadala kwa sababu haipiti muda bila mtu kulalamika mtandaoni kwamba Dubai wamemuibia, halafu wachangiaji wanagawanyika, nusu wanasema pole sana ule mji umejaa matapeli, nusu wanasema acha ushamba. Mimi msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunirushia mawe ajue pa kulenga: mengi mnayoita utapeli kule ni biashara tu ya kawaida ambayo mtu kakubali bei mbaya kwa mdomo wake, na sababu kubwa ni kwamba mgeni anachanganya usalama na uaminifu.

Nieleweke. Dubai ni salama kweli, mtu anaacha simu juu ya meza anaenda msalani anarudi anaikuta. Sasa akili inamwambia kama hapa simu haiguswi basi hata huyu muuza zafarani hawezi kunidanganya. Hapo ndo anapoliwa. Polisi wa kule analinda mkoba wako usichomolewe, ila wewe mwenyewe ukiufungua na kumwagia mtu hela kwa hiari huku unacheka, hayo hayamhusu.

Chukua soko la viungo pale Deira. Jamaa anakukaribisha, anakunusisha hiki na kile, unauliza bei anataja namba haraka haraka, wewe unasikia bei ya kikopo kizima, yeye katamka bei ya gramu. Anachota, anamimina, anapima, anafunga, anatupia na ubani kidogo eti zawadi, kuja kugeuza kikokotoo kinasoma mamia ya dirhamu. Mzigo ushafungwa, wateja wengine wamesimama wanakuangalia, unaona noma kusema rudisha. Unalipa. Sasa niambieni umeenda polisi, unashitaki nini?

Na kuna vitu watu wanaita wizi kumbe ni ushuru halali kabisa. Ile Tourism Dirham ya hotelini ipo tangu 2014, ni kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi unadaiwa pale kaunta wakati unajua ulishalipa kila kitu mtandaoni. Mtu anapiga kelele mapokezi mpaka aibu. Haujaibiwa ndugu, hukusoma maandishi madogo.

Haya, karibuni.

Kisiki

Mkuu heshima yako ila hapa umetetea upande usio wako. Hiyo hiyo Tourism Dirham ndo hoja yangu. Mji unaonikata hela kila usiku kwa sababu tu mimi ni mgeni, unakusanya, unajenga majengo marefu unatuita tuje kupiga picha, halafu nikipigwa sokoni unaniambia ungekuwa mjanja? Hapana. Falme za Kiarabu wana sheria ya kumlinda mlaji, namba 15 ya 2020, na inataka bei iwekwe wazi kwa mteja. Sasa hilo soko lako la zafarani, bei ziko wapi? Kwenye kichwa cha muuzaji. Mji huo huo ukikaa kwenye behewa lisilo lako kwenye metro, la wanawake au lile la daraja la juu, faini dirhamu 100 mara moja, mkaguzi hana utani. Kwa hiyo uwezo wa kusimamia vitu vidogo wanao, sema wameamua wasimamie vipi na wafumbie macho vipi.

Mgeni ana siku chache, hajui lugha ya pale, hajui bei. Ukisema lawama ni zake maana yake unamlipa mwenye duka kwa kuficha bei.

Sonara mstaafu

Niongee kwenye dhahabu maana huko nakujua na ndiko watu wanakopoteza hela za maana, zafarani ni vichenji.

Bei ya gramu ya dhahabu kule sio siri, inatangazwa kila siku kwa karati 24, 22, 21 na 18, maduka makubwa yote yanaifuata. Kwa hiyo ukiona muuzaji anakwambia nakupunguzia bei ya gramu, mshangae kwanza. Mchezo wote upo kwenye gharama za ufundi, yaani ile hela ya kutengeneza mkufu au bangili, hiyo haina bei ya mji, kila duka linajipangia lenyewe. Anakutajia ufundi mkubwa, anakukatia nusu kwa mbwembwe, mnapeana mikono unatoka unajiona bingwa wa kubageini na bado umelipa zaidi ya duka la tatu kutoka hapo. Kingine, kama kidani kina vijiwe uliza kama uzito wa vijiwe umetolewa, maana kuna wanaopima vyote pamoja na unalipia jiwe la glasi kwa bei ya dhahabu. Angalia mhuri, 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Risiti iandike kila kitu mstari wake, uzito, karati, bei ya gramu, ufundi, na VAT ya asilimia 5. Muuzaji akiandika jumla moja tu kwenye karatasi, rudisha mkufu kwenye kitambaa chake sema asante.

Kwenye mjadala wenyewe mimi niko katikati lakini naegemea kwa Kisiki. Dhahabu wameweza kutangaza bei kila siku na biashara haijafa, inazidi kushamiri.

chumvi_nyingi

Nimecheka hapo kwa bingwa wa kubageini. Ila hamjawataja wale wa vichochoroni wanaokunong'oneza saa kopi, mkoba kopi, unapandishwa ngazi mpaka chumba hakina dirisha. Mtu katafuta feki kapewa feki, sasa huyo naye alie nini?

Mama wa safari

Chumvi unacheka lakini hapo umegusa pabaya, na mleta mada hukufika huko kabisa.

Wanaoumia zaidi hawaji kulalamika popote, kwa sababu walikuwa wanatafuta kitu ambacho wao wenyewe wanakionea aibu. Zile kadi za masaji zenye picha ya dada mrembo, zinatupwa barabarani na kubandikwa kwenye magari, polisi wa Dubai wameshaonya mara nyingi na wamekamata watu. Mwanaume anapiga namba, anaelekezwa kwenye apatimenti, akiingia anakuta watu kadhaa, ananyang'anywa simu na kadi ya benki anatishwa mpaka ataje namba ya siri, wengine wanapigwa picha hawana nguo ili wakitoka wakae kimya. Na wanakaa kimya kweli! Mgeni anawaza nikienda polisi nitaanza kuulizwa mimi nilifuata nini kule ndani. Tapeli anajua hilo, ndo mtaji wake.

Sasa kwa hawa hoja ya "alikubali bei" haisimami, huo ni ujambazi mtupu. Na sheria kali ambayo mleta mada unaisifia ndo inayomziba mdomo aliyeibiwa. Mimi nataka mji useme waziwazi kwa wageni kwamba ukiibiwa njoo, hatuanzi na wewe. Namba zipo, 999 ya dharura na 901 ya mambo mengine, ila namba bila hakikisho inamsaidia nani?

Mleta mada

Mama hapo nakubaliana na wewe bila kupinga, huo ni uhalifu na sikuuweka kwenye kapu langu. Kama ilivyo kwa wale wanaotuma meseji za faini feki kwa jina la polisi ukabonyeza linki wakachota kadi yako, au wanaotangaza apatimenti ya ufukweni ambayo haipo. Hiyo ya mwisho ina kinga yake, nyumba ya kupangisha watalii inatakiwa iwe na kibali cha idara ya uchumi na utalii, omba namba ya kibali, na mtu akikataa kupokea malipo kupitia mtandao uliokutana naye anataka umtumie nje, huyo hana nyumba.

Ila Kisiki bado namkatalia. Ukitaka mji ukulinde mpaka kwenye bei uliyopatana mwenyewe, utalipia ulinzi huo kwenye kila kitu.

Pwagu mtaratibu

Mimi nina swali, kwa nini mtu asirekodi tu video ya hilo duka akairusha? Watu wangeogopa.

Mama wa safari

Usithubutu mdogo wangu. Kule sheria ya makosa ya mtandao, ile namba 34 ya 2021, kumtukana mtu mtandaoni au kumuita mwizi ni kosa la jinai, faini inaanzia dirhamu 250,000 na kifungo kinawezekana. Kumpiga mtu picha bila ridhaa ukamrusha nalo ni kosa. Yaani umepigwa dirhamu 400 za viungo unajikuta wewe ndo mshitakiwa. Chukua risiti, peleka lalamiko kwa mamlaka ya kulinda walaji ya Dubai, 600 54 5555, au kwenye tovuti yao. Bila risiti hata usijisumbue.

Kisiki

Mnaona sasa? Mwenye duka kalindwa jina lake kwa robo milioni, mgeni kalindwa kwa kuambiwa awe makini. Halafu mleta mada anasema mizani iko sawa.

mzunguko

Nichomekee haraka. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dirhamu au kwa hela ya kwenu, chagua dirhamu siku zote, ile nyingine wanabadilisha kwa kiwango chao na tofauti inakuumiza. Na usisubiri keshia akuchagulie, wengine wanabonyeza kabla hawajakupa mashine. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo hesabu ya kichwani ni rahisi na hakuna wa kukwambia leo kiwango kimeruka.

Magari ya kukodi nayo, piga video gari zima kabla hujaondoka, mpaka rimu na chini ya bampa, na uliza kwa maandishi amana inarudi lini na wanakata kiasi gani kwa kila geti la Salik, yaani ushuru wa barabara. Mimi nilikatwa mkwaruzo ambao ulikuwepo, video ikanirudishia hela yangu baada ya kuvutana sana.

Mleta mada

Kisiki nakuachia hili halafu niende kazini. Bango la bei ya gramu kwenye viungo naliunga mkono, lisingemuumiza mtu, na hoja ya Sonara kwamba dhahabu wameweza imenibana kweli. Lakini lile la ufundi kwenye mikufu huwezi kulipangia bei, hata kwenye ushonaji wa shati moja fundi huyu na yule hawalingani bei. Hapo mgeni abaki na miguu yake, azunguke maduka matatu kabla hajatoa hela.

Kisiki

Hilo la maduka matatu sawa. La bango ulipaswa kuliandika kwenye mada yako tangu mwanzo, tusingefika huku.