Kitunza nywila cha simu na kompyuta mbili, mtandao wa kubahatisha

kibirizi_kona:
Wakuu, nina simu ya Android yenye RAM ya GB 2, kompyuta ya Windows ofisini Mwanga na laptopu ya Linux nyumbani. Natafuta kitunza nywila kimoja kwa zote, kifunguke hata bando likiisha. Bitwarden au KeePassXC? Hapa Kigoma ukisogea kandokando ya ziwa mtandao ni wa kubahatisha.

fundi_mwanga:
Bitwarden ya bure haina kikomo cha vifaa, na ndiyo rahisi kuanza nayo. Ila mtandao ukikatika utasoma tu, kuongeza au kubadilisha nywila huwezi. Kwenye mipangilio iambie ijifunge muda ukiisha, isitoke kwenye akaunti. Ikishatoka, bila intaneti huingii.

ujiji_root:
Kwa hali yako, KeePass. Kompyuta weka KeePassXC, simu KeePassDX. Zote zinasoma faili lilelile la .kdbx, ndimo nywila zako zinamokaa. Programu ya Syncthing inalihamisha kifaa kwa kifaa, na vikiwa kwenye Wi-Fi moja bando haliguswi. Kwa Android chukua Syncthing-Fork, ile rasmi ilikomeshwa mwishoni mwa 2024. Kisha itoe kwenye udhibiti wa betri, la sivyo simu itaiua kimyakimya ukidhani inafanya kazi.

Kumbukumbu (RAM) ya Argon2, njia inayogeuza nywila kuu kuwa ufunguo wa faili, iache MB 64. Ukiipandisha hadi GB 1 kompyuta haitalalamika, simu yako ndiyo itakayogoma kufungua faili.

kibirizi_kona:
Nikibadilisha nywila kwenye simu na ofisini kabla hazijakutana?

ujiji_root:
Utaona faili la pili lenye "sync-conflict" kwenye jina. Usilifute! Fungua lile kuu kwenye KeePassXC, menyu ya Database, "Merge From Database", chagua hilo la pili, hifadhi. Hakikisha maingizo yote yapo, ndipo ulifute.

reli_ya_kati:
Naongezea: Syncthing si nakala rudufu. Ukifuta faili hapa, na kule linafutwa. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye folda, matano yanatosha, na nakala moja iwe kwenye flashi. Ukitumia faili la ufunguo (faili la ziada linalohitajika pamoja na nywila kuu), lihamishe kwa waya. Likikaa folda moja na .kdbx ni kama kuacha ufunguo mlangoni.

Nywila kuu iwe maneno sita yaliyochaguliwa na programu yenyewe. "Mgebuka2024" hapana, mkuu.