Hizi gari za majaribio ya usalama, kwetu zafika kweli?

BinKisauni: Salaam wadau. Nimesoma kuhusu zile gari Mercedes huunda za kujaribia usalama tu si za kuuza, ile ESF ya 2009 ilikua na mkanda wa nyuma wajaa hewa gari ikigonga, ili mshindo utawanyike kifuani badala ya kukushika pahali pamoja. Sasa sisi wa gari za Japani zishatumika haya mambo yatatufikia lini? Nabeba abiria Mtwapa hadi mjini na hawa wa nyuma ndio wanitia wasiwasi.

FundiChangamwe: Yafika ndugu yangu ila yachelewa. Huo mkanda wa hewa waliutia kwa S-Class, Mercedes ya kifahari, ya 2013. Tena angalia Volvo, 1972 walitoa VESC ya majaribio, ina eabegi (mifuko ya hewa yafura ukigonga), breki za ABS zisizofunga magurudumu, ikigonga injini yasukumwa chini badala ya kuingia kwa miguu yenu, mpaka kamera ya kurudi rivasi!! Leo kamera hiyo waikuta kwa gari ndogo zashuka hapa bandarini Kilindini na hakuna anaeshangaa. Kinachoniuma mimi ni gari iligongwa eabegi zikafyatuka, mtu akaziba dashibodi akachomoa taa ya onyo akaiuza hiyo gari. Ukifungua switchi taa ya eabegi iwake kisha izime yenyewe, isipowaka kabisa usilipe hata shilingi mpaka ipimwe kwa mashine.

MamaWatatu: Hayo ya hewa mbali jamani. Mkanda huu wa kawaida wa kifuani na kiunoni, Nils Bohlin, injinia wa Volvo, aliutengeneza 1959 na Volvo wakaruhusu kampuni zote watumie, na sheria za Michuki, yule aliyekua waziri wa uchukuzi, zatulazimu kwa matatu tangu 2004, lakini naingia na watoto naukuta umefungwa fundo chini ya kiti ama kifungio hakishiki. Huwa nashuka. Makanga akasirike tu, mtoto wangu simpakati mbele ya kioo.

BinKisauni: Ahsante fundi, ahsante mamangu. Yangu mkanda wa kati nyuma ni wa kiunoni pekee, waweza kubadilishwa?

FundiChangamwe: Ikiwa bodi ina tundu la bolti la kiwandani kule juu, ndio. Kama halina usikubali mtu achomelee kipande cha chuma, kitang'oka siku ya ajali. Na usichukue mkanda wa gari iligongwa, ushavutika huo. Njoo nao gereji niutazame.