Mtihani wa udereva Dar: tumpime mtu kwenye magari mengi au mitaa ya ndani?

Mleta hoja

Wakuu, kila ikitokea ajali ya dereva mpya tunaishia kubishana kuhusu rushwa ya leseni, na swali lenyewe linabaki pembeni. Swali ni hili: mtu anayeomba daraja D, gari dogo la binafsi, apimwe barabara ipi? Wapo wanaosema apelekwe Morogoro Road, Kawawa au Mandela, akutane na bodaboda, daladala, njia ya mabasi ya mwendokasi na trafiki anayeongoza kwa mikono. Wengine wanasema huko si mahali pa mtu asiye na leseni kamili. Apimwe mitaa ya ndani kurudi nyuma, kupaki na kupandisha mlima, mengine atazoea mwenyewe.

Mimi nasema apelekwe kwenye magari. Leseni haiandikwi "mitaa ya ndani tu". Akishaipata TRA (mamlaka ya mapato), jioni yake anaruhusiwa kuingia Nyerere Road saa 12 na watoto wanne kiti cha nyuma. Kama mkaguzi hajamwona akiingia kipilefti chenye magari, ameidhinisha kitu ambacho hajakiona. Karibuni, na mwenye ujuzi wa kumwandaa mwanafunzi aeleze kwa undani, wapo watu wanasubiri mtihani.

Mwalimu wa udereva, Temeke

Naunga mkono, kwa sharti. Barabara yenye magari haimpimi mtu ambaye miguu yake haijatulia. Anayewaza klachi hana nafasi kichwani ya kuwaza vioo. Kwa hiyo kabla ya kumtoa mwanafunzi barabara kubwa, balansi, yaani kulishika gari kwa klachi na mafuta lisirudi nyuma, iwe imeshakaa mguuni.

Gari limesimama kwenye mwinuko, breki ya mkono imevutwa. Klachi chini kabisa, gia namba moja. Kanyaga mafuta kidogo, mizunguko ya injini kama 1,500 hivi kwa dakika. Dashibodi ikiwa haina mshale wa mizunguko, sikiliza mlio. Pandisha klachi taratibu mpaka mlio wa injini ushuke na pua ya gari inyanyuke kidogo. Hapo miguu yote miwili inaganda. Ndipo unashusha breki ya mkono. Gari likibaki palepale bila breki, balansi imeshika, ongeza mafuta na uende.

Wengi wanaharibu kwa kushusha breki ya mkono kabla klachi haijashika. Gari linarudi nyuma, na kwa Dar nyuma yako kuna bodaboda imesimama nusu mita kutoka kwenye bampa. Kosa jingine linakuja gari likizima. Mtu anasikia honi, anapaniki, anapiga swichi gari likiwa bado kwenye gia na mguu umeshatoka kwenye klachi, linaruka mbele na kumgonga wa mbele. Gari likizima, breki ya mguu kwanza, kisha klachi, breki ya mkono, gia huru, washa, anza upya. Haichukui sekunde kumi. Wanaopiga honi waache wapige.

Miinuko ya Kimara inatosha kufundishia hili. Rampu ya daraja la juu pale Tazara iwe ya mwisho, maana magari yakisimama pale juu huna pa kutokea.

Mkazi wa Kinondoni

Mwalimu, heshima yako, lakini mbona hamzungumzii bahati? Mtahiniwa wa kwanza anakuta Kawawa iko wazi. Wa pili, nusu saa baadaye, anakuta taa zimezimwa na trafiki amezuia upande mmoja dakika kumi na tano. Huyu wa pili amepimwa nini? Kukaa gia namba moja na kuvumilia jua? Mtihani wa namna hiyo hauna usawa.

Halafu bima. Gari la shule likiwa na bima ndogo, mtahiniwa akigonga, analipwa aliyegongwa tu. Gari la shule linatengenezwa kwa pesa ya mwenye shule, au mtahiniwa anabanwa alipe. Mnataka mtu afanye mtihani huku anawaza bampa la Land Cruiser ya mtu?

Mleta hoja

La bahati nalikubali, lakini naona tunachanganya vitu viwili. Foleni iliyosimama na magari mengi yanayotembea si kitu kimoja. Foleni kweli haipimi chochote, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kinachopima ni barabara iliyojaa lakini inasogea, kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Hapo ndipo mtu analazimika kuamua: niingie au nisubiri, nihame njia au nibaki. Kwa barabara zetu nyingi hali hiyo inapatikana kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana, siku za kazi. Mtihani ukipangwa ndani ya muda huo, sehemu kubwa ya bahati inaondoka.

Dereva wa daladala, ruti ya Mbagala

Wanafunzi wanatuogopa sisi kuliko wanavyoogopa malori, na wanatuogopa vibaya. Wanakaa karibu sana kwa nyuma, halafu tukisimama ghafla wanakwama.

Daladala inajionyesha kabla haijasimama. Konda akitoa mkono mlangoni au akaanza kugonga bati, hesabu kwamba inaingia kushoto, indiketa usiisubiri. Abiria wakisogea ukingoni mwa barabara, vivyo hivyo. Wewe punguza mwendo na uache nafasi. Ukisimama nyuma yetu, uone matairi yetu ya nyuma yanavyogusa lami. Usipoyaona, umesogea mno, hutaweza kukata usukani ukatoka bila kurudi rivasi. Na ukitaka kuipita daladala iliyosimama, angalia mbele yake chini, kati ya bampa na lami: miguu ya mtu anayevuka utaiona kabla hujamwona mwenyewe.

Mitaa ya ndani hayo hayapo, kwa hiyo mimi niko na wanaosema apimwe barabara kubwa.

Dada wa Tabata

Naomba kuuliza kwa niaba ya wanaosubiri mtihani: bodaboda wanapita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Unaangaliaje vioo bila kupoteza barabara ya mbele?

Mwalimu wa udereva, Temeke

Dada, kioo unakitupia jicho, hukikazii macho. Kioo cha ndani, kioo cha upande unaokwenda, kisha geuza kidevu kuelekea begani. Hilo la bega ndilo linalosahaulika, na bodaboda anakaa hapohapo kwenye kona ambayo kioo hakifiki. Kwa kukata kushoto hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ukiacha nafasi ya mita moja kati yako na ukingo, bodaboda anaijaza. Kwa hiyo unasogea kushoto mapema, mita 30 au 40 kabla ya kona, indiketa ikiwa imeshawaka, unaziba ile nafasi. Halafu bega tena kabla ya kuzungusha usukani. Ukimwona ameshaingia, mwache apite.

Kuhusu kipilefti, maana ndicho kinachowaangusha wengi. Anayetoka kulia kwako ana haki. Unakwenda kushoto: kaa njia ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Unanyoosha: njia ya kushoto pia, usiwashe kitu unapoingia, washa ya kushoto ukishapita mdomo wa barabara iliyo kabla ya yako. Unakwenda kulia: njia ya kulia, indiketa ya kulia, zunguka, ukipita mdomo ulio kabla ya wako badilisha iwe ya kushoto na utoke. Ingia kwa gia namba mbili ikiwa pana nafasi, namba moja ikiwa ulisimama. Mwanafunzi anayesimama katikati ya mzunguko kumpisha anayetaka kuingia anadhani anaonyesha adabu. Amewafungia wote waliomo ndani, na aliye nyuma yake hakutegemea kwamba atasimama.

Jizoezeni Mnara wa Saa Jumapili asubuhi, kisha palepale siku ya kazi. Na kabla ya kupita na gari la shule, pandeni daladala ya njia hiyo, kaeni siti ya mbele, mtazame njia kwa macho ya dereva: wapi inajigawa, wapi taa zipo, wapi tuta halina rangi.

Mchangiaji, Mombasa

Huku Kenya mtahiniwa wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, huanzia mezani. Kuna bodi ya modeli tauni, mji mdogo uliochorwa njia, vipilefti na maegesho, na unasukuma kigari cha kuchezea ukieleza unakaa leni gani na kwa nini. Halafu alama za barabarani, halafu ndipo gari lenyewe. Bodi inasaidia kitu kimoja: inaonyesha kama mtu anajua leni kabla hajaweka gari la watu hatarini. Lakini kasoro yake ni kwamba watu wanaikariri kama shairi. Kigari hakina bodaboda pembeni, hakizimi, wala hakipigiwi honi. Mkiichukua, iwe mlango wa kuingilia barabarani, isije ikala muda wa barabara.

Mchangiaji, Birmingham

Uingereza mtihani unachukua kama dakika 40, na sehemu ya muda huo unaendesha mwenyewe kwa kufuata vibao au ramani ya gari, mkaguzi hakuelekezi kila kona. Unaanza kwa kusoma namba ya gari lililo mita 20. Makosa madogo yasizidi 15, kosa moja kubwa linakuangusha. Usawa unapatikana kwa kuwa kosa kubwa linajulikana ni lipi, foleni iwepo isiwepo. Kusubiri hakuhesabiwi kosa, ila kusita wakati nafasi ya kuingia ipo wazi kunahesabiwa. Na ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, unapata leseni ya otomatiki tu. Hili la mwisho litazameni, maana IST na Passo zinazojaa Dar nyingi ni otomatiki, huku mtu anatumia nguvu zake zote za mafunzo kwenye klachi.

Mkazi wa Kinondoni

Hoja ya kosa kubwa nimeielewa, na ndiyo iliyokuwa inakosekana hapa. Basi itajwe. Trafiki anayeongoza kwa mikono anashinda taa: mtahiniwa anayepita kwa sababu taa ni ya kijani huku trafiki amenyoosha mkono, ameanguka. Asiyesimama kwenye pundamilia wakati mtu ameshakanyaga mistari, ameanguka. Anayeingiza tairi kwenye njia ya mwendokasi, ameanguka.

Ila sijabadilika kuhusu usalama. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Mwanafunzi akishtuka, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, na kusimama kwenye lami kavu kunataka kama mita 14 nyingine. Jumla mita 28. Mvua ikinyesha inafika 40. Mkaguzi aliyekaa kushoto bila pedali yake atafanya nini ndani ya umbali huo? Atavuta breki ya mkono, ambayo inashika matairi ya nyuma peke yake, na kwenye lami yenye maji gari linazunguka.

Mwalimu wa udereva, Temeke

Hapo kaka umesema kweli, na nakuunga mkono moja kwa moja. Gari lisilo na breki na klachi upande wa kushoto lisikubaliwe kwenye mtihani wa barabara kubwa. Na pedali hizo zikaguliwe asubuhi ileile: ikanyagwe ya kushoto, mtu asimame nyuma aone taa za breki zinawaka. Waya wa klachi ya pili ukilegea, pedali inakwenda chini bila kushika kitu, na aliyeketi pale hatajua mpaka aihitaji.

Nyongeza kuhusu mwendokasi, kwa sababu Morogoro Road ina mtego wake. Njia yao iko katikati, mabasi yanatoka pande zote mbili. Ukikata kulia kwenye makutano unavuka njia zao mbili kabla hujavuka magari yanayokuja. Basi linaloweza kukugonga kwanza linatokea nyuma yako, upande wa kulia. Kwa hiyo unapovuka kwa ruhusa ya taa au ya trafiki, bega la kulia kwanza, kisha mbele. Mtahiniwa aliyefundishwa mitaa ya ndani anaangalia mbele tu.

Mleta hoja

Basi mpaka hapa tunaweza kuandika ombi lenye vipengele: njia moja inayojulikana, kati ya saa 4 na saa 6, gari lenye breki na klachi upande wa mkaguzi pia, bima kubwa, na makosa ya kuangusha yabandikwe pale mtahiniwa anapojiandikisha. Kinachobaki ni nani alipie bima kubwa, shule au mtahiniwa. Wenye shule, tunawasubiri.