Majaluba yamekauka, mbu wamepungua, mbona ndo malaria inazidi?

MamaWawili_Mngeta

Wakuu salaam, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa kweli. Mi ni mkulima wa mpunga huku Mngeta, bonde la Kilombero. Mwezi wa pili na wa tatu majaluba yakiwa yamejaa maji mbu wa huku ni balaa, jioni huwezi kukaa nje ukala kwa amani, lakini kipindi hicho chote watoto wangu hawakuumwa kabisa. Sasa mvua zimeisha, tumeshavuna, majaluba yamekauka mpaka udongo unapasuka, mbu wenyewe usiku nasikia wachache tu, na hapo ndo mtoto wangu wa miaka minne anapimwa anakutwa na malaria, mwanzoni mwa mwezi wa sita na tena juzi. Kipimo kile cha kutoboa kidole, mistari miwili. Mara ya kwanza kapewa mseto kamaliza dozi yote kapona vizuri, alafu homa imerudi.

Neti tunayo, ile ya kugawiwa, ina miaka mitatu hivi. Jirani ananiambia ni wale mbu weusi wa chooni, nikamwage mafuta ya taa kwenye shimo. Mama mkwe anasema ni umande wa asubuhi na hii baridi. Mi nataka kujua tu, ni mbu gani huyu anayeng'ata wakati mbu hawapo?

MzeeWaMitego

Pole sana mama, Mungu amponye mtoto. Mi nimefanya kazi miaka kadhaa ya kutega mbu vijijini huko huko bondeni, jioni tunatundika mtego wa taa karibu na kitanda chenye neti, asubuhi tunapita kukusanya alafu tunakaa mezani kuwachambua mmoja mmoja. Kwa hiyo swali lako nalijua kwa mikono yangu.

Hao wa chooni watoe kwenye kesi. Ni kuleksi, wanazaliana kwenye maji machafu, vyoo vya shimo na makaro, na ndo wenye kelele sikioni usiku kucha. Wanasambaza matende na mabusha kwa hiyo sio wa kuwachekea, ila malaria ya binadamu hawaibebi. Malaria inabebwa na anofelesi peke yake, tena jike tu, maana ndo anayehitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume anaishi kwa maji matamu ya maua na mimea.

Sasa anofelesi nao sio wa aina moja, dunia nzima wako zaidi ya 400 na wanaoeneza malaria kwa nguvu ni kama 30 au 40 hivi. Huko kwenu wa kuwajua ni wawili. Kuna arabiensisi, huyo ndo mbu wa majaluba, anapenda maji ya muda yanayopigwa na jua, vidimbwi, alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji, mpunga ambao bado mdogo. Mvua ikikolea anajaa hatari. Lakini huyu anakula popote, mtu sawa, ng'ombe sawa, ndani sawa, nje sawa, na kila akinywa kwa ng'ombe hachukui kitu maana malaria yetu haikai kwenye ng'ombe.

Alafu kuna funestasi. Mama huyo ndo mbu wako. Mdogo, mweusi mweusi, hana makelele, anataka binadamu na anamtaka akiwa ndani amelala, anaanza kung'ata usiku umeshakuwa mkubwa na anaendelea mpaka alfajiri, akishiba anatulia ukutani humo humo. Na hazaliani kwenye jaluba lako lililokauka. Anataka maji yanayodumu, meupe, yenye majani pembeni, chemchemi, kingo za kijito kinachotembea polepole, visima vya kuchimba visivyofunikwa, mabwawa. Mvua ikiisha maji hayo yanabaki, na yeye anabaki nayo. Ndo maana huko malaria inapanda mvua zikishakatika, wakati watu wameshalegea wanaona mbu wameondoka hata neti hawashushi.

Pale mezani tulikuwa tunahesabu arabiensisi kwa mamia na funestasi wachache wa kuhesabu kwa vidole, ungesema huyu wa nini. Majibu ya maabara yakirudi, wenye vimelea wengi wao ni hao hao wachache. Watafiti wa Ifakara walishaandika kwamba kwenye vijiji vya bondeni funestasi anahusika na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Sababu nyingine ni umri, kimelea kikiingia kwa mbu kinahitaji kama siku 10 mpaka 14 kabla huyo mbu hajaweza kumuambukiza mtu, na mbu wengi wanakufa kabla. Funestasi anafika umri huo.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mzee kaeleza vizuri, mi naongezea upande wa matibabu maana hapo kwenye "mara mbili" pamenishtua kidogo. Dada, kile kipimo cha haraka hakioni mdudu mwenyewe, kinaona protini yake kwenye damu, na hiyo protini inaweza kubaki wiki kadhaa hata baada ya dawa kuwaua wote. Kwa hiyo homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja na kipimo kikaonyesha mistari miwili haimaanishi moja kwa moja kwamba malaria imerudi. Mwambie mhudumu kabisa kwamba mtoto alishatumia mseto tarehe fulani, omba apimwe kwa darubini, kama hapo zahanati hawana wakuelekeze kituo cha afya. Inaweza kuwa kweli kang'atwa upya, inaweza kuwa homa nyingine kabisa mnaendelea kuipa dawa ya malaria.

Na usisubiri. Mtoto wa miaka minne akianza homa apelekwe siku hiyo hiyo, akitapika kila kitu, akidegedeka au akilegea hawezi kukaa, hapo hakuna kungoja asubuhi hata kama ni usiku wa manane.

Na kwa wale wa Dar wanaosoma, kuna mbu mwingine, edesi, mwenye miguu ya madoa meupe, anang'ata mchana. Huyo ndo wa dengi iliyotusumbua 2014 na 2019. Chikungunya pia ni wake, na ule ugonjwa uligundulika huku huku kwetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952, hata jina ni la Kimakonde, mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mtu ana homa kali malaria hana, basi sio lazima kipimo kiwe kibovu.

Kijana_wa_Bonde

Mi niulize kitu maana nimesikia kwamba mbu wa siku hizi dawa ya kwenye neti haimuui tena. Sasa kama ni kweli tunalala kwenye neti ya nini? Huku kwetu watu wengi wameshafungia mabanda ya kuku.

MzeeWaMitego

@Kijana_wa_Bonde usugu upo na ni mkubwa, sitakuficha. Funestasi wa bondeni nimemuona kwa macho yangu anawekwa kwenye karatasi yenye dawa saa nzima alafu anaruka kama hajaguswa. Dawa ya kwenye neti ni ya kundi linaloitwa pairethroidi, na dawa za kundi hilo hilo tunapulizia kwenye nyanya na mpunga kila msimu, kwa hiyo na sisi wakulima tumechangia kumzoesha. Ila neti nzima bado ni ukuta, hawezi kupenya, na hapo ndo inapouma kuona neti ya mtoto imefunika vifaranga. Tatizo ni ikitoboka, zamani neti yenye dawa hata ikitoboka mbu alikuwa anakufa akihangaika kutafuta tundu, huyu wa sasa analitafuta mpaka analipata. Kwa hiyo shona matundu, chomeka chini ya godoro, ukiifua anika kivulini usianike juani.

Kuna neti mpya zimeongezwa kitu kinaitwa PBO, chenyewe hakiui mbu ila kinamzuia kuivunja ile dawa mwilini mwake, hapo anakufa. Shirika la Afya Duniani lilizipitisha 2017. Mama ukisikia ugawaji unakuja uliza kama ni hizo.

Na jamani kipindi cha kuhamia mashambani, mtu anakaa kwenye kibanda cha shamba miezi, kuta za matete zina nafasi, neti kaiacha kijijini. Hapo funestasi anashinda bila jasho.

Mwalimu_wa_Marsabit

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko kaskazini mwa Kenya, huku kwetu ni ukame, na kwa miaka mingi watu walisema malaria ni ya Kisumu na pwani, haituhusu. Kumbe kuna anofelesi anaitwa stefensi, asili yake ni India na nchi za Ghuba, akaonekana Djibouti 2012, baadaye Ethiopia, Sudan, Somalia, na mwisho wa 2022 akapatikana hapa Marsabit. Huyu hangoji mto wala jaluba, anazaliana kwenye matangi na mapipa ya maji ya nyumbani, na mahali pa ukame kila boma lina tangi maana bila hilo hatuishi. Nawaomba mfunike matangi vizuri huko mijini, Dar na Dodoma, kwa sababu wengi wanadhani mjini hakuna malaria. Anaweza kufika hapo pia.

MamaWawili_Mngeta

Nashukuruni sana, kweli nimelia kusoma. Leo nimempeleka mtoto kituo cha afya kama Nesi alivyosema, nikawaeleza tarehe ya dozi, wamempima kwa darubini na vimelea wapo, kwa hiyo ameanza dawa upya na homa imeshuka.

Mchana nikachukua upawa mweupe nikaenda na kaka yangu kwenye kijito nyuma ya nyumba, ni kama hatua mia mbili tu, maji hayatembei sana na majani yamefunga pembeni, watu wote huwa tunachota hapo. Nimechota mara tatu za kwanza sikuona kitu, nilipoingiza chini ya majani nikapata viluwiluwi sita. Mzee, nifahamishe, nitajuaje kama ni wenyewe? Hawa wamelala juu ya maji kama kijiti cha kiberiti, hawaning'inii.

MzeeWaMitego

Mama hao ni anofelesi. Kuleksi ananing'inia kichwa chini mkia juu, anofelesi hana mrija wa kupumulia ndo maana analala sambamba na maji. Kwenye majani namna hiyo na mwezi huu, mi naweka mkono wangu ni funestasi. Ng'oeni majani kingo zote mbili maji yapate jua na yatembee, alafu mwone afisa afya wa kata muulize viuadudu vya Kibaha, vile vya bakteria vinavyoua viluwiluwi, havina madhara kwa watu wala samaki.

MamaWawili_Mngeta

Nimeshaongea na mwenyekiti wa kitongoji. Jumamosi asubuhi kaya kumi na moja zinakuja na mafyekeo.