Mfadhili kaondoka, mtandao wetu wa vikundi umebaki na 3,870,000. Tuendeshaje uji na kadi za wazee?

Mama Hazina wa Mkonze

Mbukwenyi wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mkonze hapa Dodoma, na tangu mwaka juzi nimebebeshwa uhazina wa mtandao wa vikundi tisa. Saba ni vya kuweka na kukopa, kimoja cha watu wenye ulemavu, kimoja cha bibi wanaolea wajukuu. Kukopeshana kila kikundi kinafanya kwenye sanduku lake. Mtandao una mambo mawili tu: uji wa watoto 210 shuleni Januari hadi Machi, ile miezi ambayo ukigonga kihenge kinaitika, na kuwalipia wazee wa kaya 40 kadi za CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo tumekuwa tukilipia 30,000 kwa kaya.

Miaka minne mfadhili ndiye aliyelipa karibu vyote, sisi tulitoa kuni na mikono. Desemba mradi ukafungwa, wakapiga picha, wakatuachia bango na kabati la chuma. Msimu wa uji uliopita tumeupika kwa akiba. Imebaki hiyo niliyoandika juu.

Hesabu zangu: mahindi debe 36, Januari tulinunua kwa 22,000, hiyo ni 792,000. Sukari, kusaga na mama mpishi karibu laki sita. Kadi 1,200,000. Jumla milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nitavuka. Wa pili nitafungua kabati la chuma nikute risiti.

Kamati imepasuka. Wapo wanaotaka tutumie mpaka ziishe, Mungu atafungua mlango mwingine. Wapo wanaotaka tukopeshe vikundi kwa riba. Mwenyekiti naye kapata kijana wa mjini anayeandika maandiko ya miradi, anasema ataomba milioni 60, ila anataka asilimia kumi. Kabla.

Waliopita njia hii nisaidieni, mkutano ni Jumapili ijayo.

Kijana wa Veyula

Asilimia kumi kabla ya pesa kuingia? Milioni sita mtazitoa wapi na mnazo tatu na kitu? Mama, huyo haandiki andiko, anaandika jina lake kwenye daftari lenu. Mfungieni geti.

Mpunga Bahi

Shikamoo mama mwalimu. Sisi Bahi tulikwama hapo hapo. Kosa letu lilikuwa kudai watu buku mbili mbili kila mwezi. Januari unamdai mtu elfu mbili na yeye anatafuta kilo ya unga, lazima akukimbie. Pesa ya mkulima iko shambani, mwezi wa sita. Siku hizi tunapita na gunia wakati wa kuvuna, kila mtu anatia mpunga wake mbele ya wenzake, tunaweka stoo. Hakuna anayekwepa, maana jirani yake kamwona anarudisha nini kutoka shambani.

Swali langu: kwa nini mahindi? Huko kwenu si uwele na mtama ndiyo vinavyotoka?

Mama Hazina wa Mkonze

Marahaba baba. Umenigusa kidonda. Mahindi yaliandikwa kwenye bajeti ya mfadhili, basi tukanunua mahindi miaka minne. Mahindi ya hapa unayajua, mvua ikikata wiki mbili tu yamejikunja kama sigara. Uwele unabaki umesimama. Na watoto wenyewe uji wa uwele ndio waliolelewa nao.

Nimekaa usiku na kalamu. Wanachama tuko 214. Debe ni sado tano. Kila mtu akitoa sado moja, SADO MOJA, tunapata debe 42 na ziada. Nahitaji 36. Miaka minne tumeandika ripoti za kurasa 30 kumwomba mtu wa mbali kitu ambacho ni sado moja!

Ila ninao bibi 19 na wenye ulemavu 16. Hao nawadai vipi?

Mstaafu Maendeleo ya Jamii

Mwalimu, nimefanya kazi ya vikundi katika halmashauri mbili za kanda hii. Niseme machache kabla hamjajikwaa.

Hilo la kukopesha, simama kwanza. Vikundi vyako vya kuweka na kukopa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Mtandao wa hisani kuanza kukopesha kwa riba ni jambo jingine. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla, si baada.

Halafu kuna watakaokuambia mkachukue ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba, ni nzuri, lakini ni mkopo wa kikundi chenye mradi wa uzalishaji. Ukiupikia uji utaurejesha na nini? Kikundi cha wenye ulemavu kama kina mradi kiombe chenyewe, faida watakayopata ndiyo wachangie mtandao wakipenda.

La mwisho: kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya 2002, ripoti ya mwaka kwa Msajili haingoji mfadhili. Wengi mfadhili akiondoka wanadhani na usajili umekwenda likizo.

Mdau wa Area C

Ongezeo kidogo. Kuna njia ya kuwa na mfuko usioguswa, mnakula matunda tu, mti mnauacha. Cleveland kule Marekani walianza hivyo 1914, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki, aitwaye Frederick Goff, alikusanya fedha za wafadhili wengi kwenye kapu moja la mji, watu wa mji wenyewe wakawa wanaamua faida iende wapi. Jirani zetu Kenya wana taasisi iitwayo KCDF tangu 1997, nayo inasaidia jamii kujenga mifuko yao. Kwenu si lazima muanzishe taasisi. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanza na milioni moja, riba inalipwa kila miezi sita. Au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kama mnataka pesa iwe karibu.

Mama Hazina wa Mkonze

Mdau asante, nimeipenda, lakini nipige hesabu ya kiualimu. Nikiweka milioni mbili, hata ikizaa asilimia kumi, ni laki mbili kwa mwaka. Kaya sita za CHF na chenji ya elfu ishirini. Bado nina kaya 34. Sikatai, ila niseme ukweli mbele ya mkutano nisije nikaonekana nimeleta mashine ya kutotoa noti.

Mpunga Bahi

Mama, kaya sita kila mwaka bila kumpigia mtu magoti si haba. Stoo funguo tatu, watu watatu, vikundi vitatu tofauti. Na msichague ndugu wa mwenyekiti, nisamehe.

Mama Hazina wa Mkonze

Nimerudi wakuu. Mkutano ulianza saa nane ukaisha giza.

Kijana wa andiko amekwama. Mwenyekiti amenuna, hajanisalimia kanisani.

Milioni mbili zinaenda kwenye hatifungani, riba yake ni ya kadi tu. Inayobaki inalipa kadi za mwaka huu na sukari. Kadi za mwaka kesho hatujajua, tumekubaliana kila kikundi kitoe kwenye mfuko wake wa jamii kile kitakachobaki siku ya kuvunja sanduku. Hapo sina imani sana. Siku ya kugawana kila mtu anakuwa na mgonjwa.

Uwele ndio uliopita kwa vifijo. Sado moja kila mtu, kupima ni hadharani, chini ya mkuyu, Jumamosi ya kwanza ya Julai. Niliwasamehe bibi na wenye ulemavu, nikabaki na watu 179, hiyo ni debe 35 na sado nne. Pungufu ni sado moja, nikasema ya kwangu itakuwa mbili. Ah, bibi mmoja kasimama na fimbo yake: "Nani kakwambia sisi tunataka kusamehewa? Hao wanaokunywa uji ni wajukuu zetu." Wataleta kibaba kibaba. Basi nimefuta nikaandika upya.

Sasa mnisaidie la stoo. Nahitaji ile mifuko isiyopitisha hewa, ya kilo mia, bungua wasituwahi. Nani kaiona sokoni Majengo wiki hii, na ni bei gani?