Lions: Gibbs au Montgomery, nani apewe mpira zaidi msimu huu wa 2025?

mzee_wa_yadi
Wakuu salama? Msimu unakaribia na kwenye grupu letu la fantasi (mchezo wa kuunda timu yako kwa takwimu za wachezaji halisi) ni kelele tupu, naombeni tumalizane hapa. Lions, timu ya Detroit kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wana raningibeki (wanaokimbia na mpira) wawili wa maana na ubishi ni uleule kila mwaka. Jahmyr Gibbs alichukuliwa drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya 2023 namba 12, watu wakacheka eti raningibeki hachukuliwi juu hivyo, David Montgomery (Monty) wakamtoa Chicago mwaka huohuo kwa mkataba wa miaka 3, dola milioni 18. Msimu wa kwanza Monty alikimbia yadi 1,015 na tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 13, Gibbs yadi 945 na tachidauni 10, yaani wanapumuliana kisogoni. 2024 dogo akapaa, yadi 1,412 na tachidauni 16 za kukimbia, Monty akabaki na 775 na 12. Mimi naona habari ya kugawana iishe, Gibbs apewe mpira mara 20 kila mechi, Monty awe wa kumpumzisha tu. Nipingeni.

kaka_wa_dearborn
Nakupinga mapema kabisa. Hujasema Monty aliumia goti Desemba kwenye ile mechi na Bills tuliyopigwa 48-42 akakosa mechi tatu za mwisho, kwa hiyo hizo tachidauni 12 ni za mechi 14. Mtu anayekupa hivyo unamwita wa kumpumzisha mwenzie? Na Oktoba ile ya 2024 klabu ilishamwongezea miaka 2 kwa dola milioni 18 na kitu, hawakumwongezea kwa huruma.

dada_wa_endizoni
Kaka hizo mechi tatu ndizo zinakuumbua 😂 Monty hayupo, mzigo wote kwa Gibbs, na zote tatu alipita yadi 100. Ile ya mwisho na Vikings, anayeshinda anachukua nafasi ya kwanza upande wetu wa ligi, NFC, dogo akapiga tachidauni 4, tukashinda 31-9 na kumaliza msimu na ushindi 15, vipigo 2. Mlikuwa mnasema ni mwepesi, mara atavunjika, ona sasa.

omosh254
Mbona mnasahau kudaka jameni. Gibbs 2024 alidaka pasi 52 akaongeza yadi 517 na tachidauni 4 juu ya zile 16, jumla 20. Huku Nairobi mechi zikianza saa mbili usiku mimi naangalia ile plei anatoka pembeni kama anaenda kubloku (kuzuia mpinzani) halafu anapotea nyuma ya walinzi wa kati, Goff, mrusha pasi wetu, anamtupia pale wazi, beki mzito hamshiki huyo hata kwa pikipiki. Sekunde 4.36 kwa yadi 40. Monty ni 4.63, sio mbaya lakini akitoka nje ya laini wanamfikia.

kaka_wa_dearborn
@omosh254 Sawa, mbio tumekubali, sasa njoo kwenye mambo ambayo kwenye haileti (vipande vya plei kali) hayaonyeshwi. Monty ana kilo kama mia, Gibbs kama tisini. Ikija blitz (walinzi wa ziada wanamvamia mrusha pasi) angalia nani anasimama mbele ya Goff. Monty anaingia kifuani kwa lainbeka (mlinzi wa kati), miguu imepanda, yule jamaa anaishia hapohapo. Halafu kuna ile hali mmebakiza yadi 2, kila mtu uwanjani anajua mpira unakwenda wapi, na bado anazipata, anagongwa kwenye laini anaburuta watu wawili anaanguka kwa mbele. Gibbs akikosa mwanya anakata kurudi nje, mara nyingine ni yadi 40, mara nyingine ni hasara ya 3.

dada_wa_endizoni
Yadi 2 eeh? Tukumbushane San Francisco basi, fainali ya NFC Januari 2024. Tulikuwa tunaongoza 24-7 mapumziko, tumekufa 34-31. Mwishoni pale imebaki yadi 1, tunahitaji alama haraka na saa inakimbia, wakampa nani? Monty. Akarudishwa nyuma, taimauti (nafasi ya kusimamisha saa) ikatuponyoka.

kaka_wa_dearborn
Na kipindi cha tatu mechi hiyohiyo kama si Gibbs, nani alipishana na Goff mpira ukadondoka kwetu, Niners (San Francisco) wakasawazisha? Tusichague kumbukumbu dada yangu.

fundi_wa_laini
Nyote mnabishana juu ya waliobeba mpira hakuna anayetaja waliofungua njia. Kwenye laini, Frank Ragnow wa katikati alistaafu Juni 2025, Zeitler wa kando yake ameenda Titans, Glasgow amehamishwa katikati. Katikati yote pale inaanza upya!! Na Ben Johnson aliyekuwa anapanga plei ndiye sasa kocha wa Bears. Montgomery riziki yake iko hapo katikati, kwa hiyo atakayeumia kwanza ni yeye. Gibbs anaweza kuzungushwa nje, upande wa Sewell, mzuiaji wetu wa pembeni, na pale hakuna kilichobadilika. Mimi si mpenzi wa Gibbs kihivyo, ila mwaka huu ningempa mipira 17 au 18 na Monty 10, na karibu na endizoni (eneo la kufungia) wabadilishane kutegemea laini inavyosukuma siku hiyo.

mzee_wa_yadi
@fundi_wa_laini hapo umenigusa. Ila 20 zangu siachi. Tazama tulivyotolewa kwenye mtoano na Commanders 45-31, Gibbs amepewa mpira mara 14 tu, na kwa hizo kapita yadi 100 na tachidauni 2. Ungempa 22 je?

fundi_wa_laini
Mkuu siku ile tulipoteza mpira mara 5, tukawa tunafukuzia, ungempa 22 saa ngapi?

omosh254
Wote wawili misimu yote miwili walivuka yadi 1,000 ukijumlisha kukimbia na kudaka, na tachidauni 10 kila mmoja za kukimbia. Timu zingine zinatafuta mmoja tu hazipati, nyinyi mnataka kumfukuza mmoja.

mzee_wa_yadi
Hakuna aliyesema kufukuza. Haya, drafti ya fantasi ni Jumamosi, Gibbs namchukua raundi ya kwanza, Monty nitamfuata raundi ya sita hivi akiwa bado yupo.

kaka_wa_dearborn
Raundi ya sita hutamkuta, mimi nachagua kabla yako.